Kuketi Bila Kuagiza Soda: Bustani ya Mimea ya Entebbe

Mtu anayeishi Kampala na kutaka kukutana na wenzake 20, pasipo harusi, pasipo msiba na pasipo mkutano wa siasa, hugundua upesi kwamba jiji halikumwandalia pa kukaa. Mikahawa ipo tele, lakini meza ya mkahawa hukodishwa kwa soda: chupa ikikauka, mhudumu huanza kupitapita akipangusa meza ambayo tayari ni safi, na wageni huelewa. Nyumba zetu nyingi ni za vyumba viwili, na mwenye nyumba akisikia vicheko vya watu wengi hukumbuka ghafla kwamba kodi imechelewa. Ndiyo maana kikundi chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili, kilichoanza na watu sita waliokuwa wakisomeana mashairi na sasa kina 20 na ushei, kilihamahama karibu mwaka mzima kabla ya kufika katika Bustani ya Mimea ya Entebbe, ambayo ndiyo nakusudia kuitathmini hapa. Sitaitathmini kama mtaalamu wa miti, wala kama mtalii mwenye darubini ya kutazama ndege. Nitaitathmini kama baraza.

Neno hilo nimelitumia kwa makusudi. Katika miji ya pwani, baraza ni benchi la mawe lililoshikamana na ukuta wa nyumba, na kanuni yake, isiyoandikwa popote, ni kwamba aliyeketi haulizwi amekuja kufanya nini. Anaweza kunywa kahawa, kucheza bao, kusikiliza mazungumzo ya wengine au kusinzia. Huku kwetu Uganda hatukujenga nyumba za namna hiyo. Tulikuwa na kivuli cha mwembe uani na benchi mbele ya duka la jirani. Mji unapotanuka, mwembe hukatwa na benchi huingizwa ndani, na hapo ndipo bustani ya umma inapopaswa kushika nafasi yake. Kipimo nilichokwenda nacho Entebbe kilikuwa hicho kimoja: je, mtu anaweza kukaa hapa kutwa nzima bila kutoa sababu?

Si kwamba Kampala haina viwanja kabisa. Ipo bustani ndogo ya Sanamu ya Uhuru, kazi ya Gregory Maloba ya mwaka 1962, inayomwonyesha mama akimwinua mtoto aliyenyoosha mikono juu, lakini pale ni mahali pa kupigia picha kuliko pa kutandika mkeka. Upo Uwanja wa Katiba mbele ya Mahakama Kuu, katikati kabisa ya jiji, ambao baada ya maandamano ya mwaka 2011 ya kwenda kazini kwa miguu, ya kupinga kupanda kwa bei, ulikaa muda mrefu chini ya ulinzi wa polisi. Na katika uwanja mwingine wa jijini, ambao sina haja ya kuutaja, mlinzi alitujia kabla hatujamaliza beti ya tatu, akadai kibali. Tulipomweleza kwamba tunasoma mashairi tu, aliuliza ni mashairi ya chama gani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefundishwa kwamba watu 20 walioketi pamoja ni jambo linalohitaji maelezo. Jaribio letu lililofuata, chini ya mti wa kando ya barabara, lilivunjwa na wale korongo wakubwa wenye upara ambao Waganda huwaita kalooli. Anayeujua mji huu anajua walichotumwagia.

Entebbe iko umbali wa kilomita 40 hivi kutoka Kampala, kwenye rasi inayoingia katika Ziwa Viktoria, ambalo wenyeji huliita Nalubaale. Neno entebe kwa Kiganda ni kiti, na masimulizi ya Buganda yanamtaja Mugula, mmoja wa wakuu wa ukoo wa Mmamba, aliyekuwa na viti vyake vya kukatia hukumu kwenye miamba ya ufukoni. (Kwa anayesoma kwa jicho la Kiswahili, mamba huyo si yule mwenye meno, ni samaki kamongo.) Waingereza nao wakaja kuweka kiti chao papo hapo, wakaifanya Entebbe makao ya serikali yao ya kikoloni, na mwaka 1898 wakaanzisha bustani hii, msimamizi wake wa kwanza akiwa Alexander Whyte, katika eneo la takriban hekta 40 linaloteremka taratibu mpaka majini.

Haikuanzishwa ili watu wapunge upepo. Ilikuwa mahali pa kujaribia mimea ya kigeni, ili ijulikane kama mpira, kakao na matunda ya ng'ambo yangestawi katika udongo wa Uganda, na hata leo iko chini ya taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Naitaja historia hii kwa sababu ndiyo inayoeleza jinsi mahali penyewe palivyokaa. Mti unaopandwa ili uchunguzwe hauwekwi msituni ukagombania jua na wenzake. Hupewa nafasi yake peke yake, ukatanua matawi pande zote, na baada ya miaka 100 unakuwa na kivuli kipana kama sebule. Majani mafupi yamejaa kati ya mti na mti. Matokeo yake ni kwamba familia, kwaya, wanafunzi na wapiga picha za harusi wanaweza kuwa hapa siku moja, kila kundi chini ya mti wake, wakionana bila kusikilizana maneno. Sijui mchoraji wa ramani ambaye angelipanga jambo hili vizuri zaidi kwa makusudi kuliko wakulima wale walivyolipanga bila kulikusudia.

Sisi tulikwenda tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Julai ni mwezi mzuri kwa safari ya namna hii, kwa kuwa mvua za masika zimekwisha na za vuli bado. Tulikutana asubuhi katika bustani ya taksi, yaani kituo cha magari ya abiria, tukajaza gari moja la watu 14, na waliobaki wakafuata katika jingine lililokuwa likijaza abiria wa Kitoro, mtaa mmoja wa Entebbe. Waliokuja ni mchanganyiko ambao ni Uganda tu inayoweza kuukusanya chini ya lugha hii: askari mstaafu tunayemwita Afande, mama mshonaji aliyekuja mjini akitokea Bukavu, muuguzi aliyesomea Mombasa, vijana watatu wa chuo wanaofundishwa Kiswahili darasani na hawapati pa kukizungumza, na mimi ambaye wananiita Mwalimu hata siku za mapumziko.

Hapa inafaa nieleze kwa nini mahali pa wazi ni jambo zito kwa watu kama sisi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaridhia hatua za kukitumia hivyo kweli, lakini karatasi ni karatasi. Kwa wazee wengi wa Buganda, lugha hii iliingia masikioni kwa mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, ikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Ukiizungumza kwa sauti ndani ya mkahawa wa Kampala, kuna shingo zitakazogeuka. Kwa hiyo tunapotafuta pa kukutania, hatutafuti kivuli peke yake. Tunatafuta pia mahali ambapo mtu anaweza kusema "karibuni" kwa nguvu zake zote bila jirani kuhesabu pochi yake.

Pale Entebbe jambo hilo lilitokea lenyewe. Upande wetu wa juu walikuwapo akina mama wa kikundi cha kuweka akiba, wamevaa magomesi, yaani magauni ya kitamaduni ya Uganda, ya rangi moja, wakihesabu fedha zao kwa utulivu wa watu waliozoeana miaka mingi. Upande wa chini kulikuwa na kwaya ya kanisa iliyokuwa ikifanya mazoezi. Afande alipomaliza kusoma shairi lake kuhusu pensheni, ambalo lina urefu unaolingana na foleni ya pensheni yenyewe, mwalimu wa kwaya alipanda mteremko akatusalimu kwa Kiswahili kilichonyooka, akasema kwamba alizaliwa Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, na hajakisema vizuri tangu mamake afariki. Tulimkaribisha mkekani. Akakaa karibu saa nzima, na waimbaji wake wakaendelea bila yeye. Sikumbuki mahali popote jijini ambapo mgeni angeweza kututokea hivyo pasipo kwanza kununua kitu, au pasipo sisi kumshuku.

Kuhusu wanyama, nitakuwa mkweli kwa kuwa wengi huandika kana kwamba wamewekwa pale kama mapambo. Mbega weusi wenye manyoya marefu meupe ubavuni ni wageni wazuri sana wa kutazama: hukaa juu kabisa, hula majani, na huruka kutoka mti hadi mti mkia wao mweupe ukipepea nyuma, jambo la kustaajabisha hasa ukijua kwamba mikono yao haina kidole gumba. Tumbili ni habari nyingine. Tumbili hula tunachokula sisi, na anajua sauti ya mfuko wa plastiki ukifunguliwa. Mama wa Bukavu alikuwa ameleta chapati 30 alizozikanda tangu alfajiri; aligeuka kumwagia mtoto maji mikononi, na alipogeuka tena zilikuwa 26. Wanaokuja na chakula wakiweke katika chombo chenye mfuniko unaobana, na wasimpe tumbili hata kipande kimoja kwa huruma, kwa sababu huruma hiyo ndiyo iliyomfundisha kuiba. Hondohondo nao wanapiga kelele, kulukulu wanapita kwa rangi zao, na mwenye kupenda ndege atapata cha kumshughulisha siku nzima. Mimi niliacha kuwahesabu mapema.

Kuna kipande cha msitu wa asili kilichobaki ndani ya bustani, chenye mitambaazi minene inayoning'inia kutoka juu, ambacho watoto watakitaka kuliko sehemu nyingine yoyote. Ni kizuri na kina ubaridi, lakini si mahali pa kukutania, kwa kuwa mwanga ni hafifu na ardhi ina mizizi ya kujikwaa. Tukapita tukatoka.

Ufuko ndio unaowavuta wengi, na ndio ninaoutilia shaka zaidi kama baraza. Upepo wa ziwa ni mtamu mchana, na mandhari haina mfano. Hata hivyo watu wazima wanaokaa pale hawakai, wanachunga. Mteremko wa majani unaishia majini, mtoto anayekimbia hana pa kujizuia, na maji yenyewe si ya kuogelea, maana kichocho kipo katika Ziwa Viktoria na hakionekani kwa macho. Zaidi ya hayo kuna siku ambazo vijidudu vya ziwani, ambavyo Waganda huviita esami, huinuka majini kama moshi na kuja nchi kavu kwa mamilioni. Haviumi wala havina sumu, lakini huwezi kukariri shairi la arudhi ukiwa umefunga mdomo. Ushauri wangu ni kuchukua mti wa katikati ya mteremko, ambapo upepo unafika na watoto wako mbali na maji.

Sasa kero, ambayo haikuwa ya bustani bali ya mtu tuliyemkodisha wenyewe mjini ili atuletee viti. Aliahidi viti 30 saa tatu asubuhi. Alileta 18 saa sita kasoro, vitatu kati yake vikiwa na miguu inayofunguka kama mkasi, na alipoulizwa vilivyobaki viko wapi alijibu kwa adabu zote, "Ssebo, vingine bado viko msibani." Alitaka malipo kamili. Tulibishana, tukalipa nusu na robo, na mchana mzima nikawa nawaza kwamba tumekuja mji unaoitwa kiti kugombania viti. Afande, ambaye hakusema lolote wakati wa mabishano, alikuwa amekwisha kuketi juu ya shina la mti lililotokeza kama kigoda, mgongo umeegemea, na hakuhama pale hadi jioni. Vijana wakalala majanini. Ilidhihirika kwamba viti havikuhitajika ila kwa wazee wawili wenye maumivu ya magoti, na kwamba mazoea ya sherehe zetu, hema, viti vya plastiki na meza ya wageni waheshimiwa, ndiyo yaliyotufanya tudhani hatuwezi kukutana bila hivyo.

Jambo ambalo nafasi na miti haviwezi kulizuia ni spika. Saa nane hivi kundi moja la sherehe ya kuzaliwa lilifika na vipaza sauti vyenye urefu wa mtoto wa darasa la nne, na tangu hapo kila shairi lilikuwa na ngoma nyuma yake, likitaka lisitake. Muuguzi wetu alikwenda kuwasihi, akarudi na kipande cha keki na ahadi kwamba watapunguza. Walipunguza kwa muda wa nyimbo mbili. Hili silitupii lawama mahali penyewe. Ni ugonjwa wetu sisi, wa kudhani kwamba furaha isiyosikika hadi ng'ambo haijakamilika. Anayetaka utulivu na aje asubuhi, au siku ya kazi, na hata hivyo ajiandae kwa ndege kubwa za uwanja wa Entebbe, ambazo hupita chini kiasi kwamba msomaji hana budi kunyamaza na kungoja. Baada ya mara ya tatu tuliufanya mchezo: ndege ikipita, aliyekuwa akisoma anaruhusiwa kunywa maji.

Gharama ndiyo hoja inayonisumbua ninapotoa hukumu. Langoni kuna kiingilio. Kwangu mimi kilikuwa kidogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi, na ukikilinganisha na soda na sahani za chipsi ambazo watu 20 wangelazimika kuagiza mahali pengine ili waachwe wakae siku nzima, ni nafuu kubwa. Lakini baraza halina lango. Mmoja wa wale vijana wa chuo hakuja kwa sababu nauli na kiingilio kwa pamoja vilikuwa chakula chake cha siku mbili, na aliona haya kutuambia mpaka tuliporudi. Bustani inayoweza kupokea watu wa kila namna kwa ukarimu huu, lakini iko mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka kwa watu wanaoihitaji zaidi, ni bustani nzuri iliyo mbali, na umbali huo si kosa lake. Kosa ni la mji uliokua ukiuza kila kipande cha majani kilichobaki wazi. Tangu siku hiyo tumeweka kopo la mchango wa nauli, kila mtu hutia alichonacho na hakuna anayetazama.

Kwa hiyo ninaipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeizuia kwa ajili ya lango na safari tu. Kwa kuketi kwenyewe ningeipa zote. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni hakuna mlinzi aliyetuuliza tunafanya nini, hakuna aliyetuuzia kitu kwa nguvu, na mfanyakazi mmoja wa bustani aliyepita na reki yake alisimama, akasikiliza beti nne za mama wa Bukavu, akacheka mahali panapostahili kuchekwa, akaendelea na kazi yake. Wanaopanga kwenda na kundi kubwa wawasiliane na bustani mapema na waulize masharti ya vyombo vya sauti na ya kupika. Wanaokwenda na wazee wenye shida ya kutembea wachague sehemu ya juu karibu na njia ya magari, kwa kuwa mteremko ni rahisi wakati wa kushuka tu. Asubuhi za msimu wa mvua si za kutegemewa, maana mawingu mengi huja kutoka ziwani usiku na kumaliza hasira zake kabla ya saa nne.

Tumekubaliana kurudi mwanzoni mwa Septemba, kabla mvua hazijashika. Kila mtu atabeba mkeka wake, viti vitakuwa viwili tu, vya kukunja, na chapati zitakaa ndani ya ndoo yenye mfuniko, ambayo Afande amejitolea kuikalia.